Sabuni Chini ya Kitanda cha Shangazi

Shangazi alipokuja kututembelea hapa London, wiki haikuisha nikakuta vipande kumi na viwili vya sabuni chini ya kitanda chake. Nikacheka. "Shangazi, duka si hilo hapo nje?" Yeye hakucheka. "Mwanangu, wewe umezaliwa mpaka umeshafunguliwa."

Kwetu ni Rombo, Kilimanjaro. Kenya unaiona ukiwa shambani. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, ukakaa hivyo hadi Novemba 1983. Katikati ikaja vita vya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, maduka ya serikali yakabaki na rafu tupu. Watu walifulia majani ya mpapai. Ng'ambo, Taveta na Loitokitok, sukari, Kimbo na sabuni zilikuwepo, na kahawa yetu ilikuwa na mnunuzi wa kulipa papo hapo.

Shangazi alianza akiwa na miaka 14. Kahawa chini, majani ya ng'ombe juu, mzigo kichwani, usiku, kwa njia za panya. Alfajiri alirudi na sukari iliyokwisha kupungua, maana kila kizuizi kilikuwa na mgambo wake wa kupozwa. Iliyobaki iliuzwa kwa bei ya kuruka. Walionunua walikuwa walimu na maofisa, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Pesa hiyo ilimnunulia baba yangu viatu, sare na nauli ya kwenda bweni. Shangazi mwenyewe aliishia darasa la saba. Leo shingo yake haigeuki vizuri upande wa kushoto. Kama muuguzi nimeigusa, najua ule si uzee tu.

(Nilipomsimulia Mganda mmoja ninayefanya naye zamu za usiku, alitaja Chepkube papo hapo. Enzi za Amin kahawa yao nayo ilivuka hapo kwenda Kenya. Magendo wanaita vilevile.)

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Watu walitupa bidhaa maporini na mitoni. Shangazi alikamatwa na mifuko miwili ya kahawa, akakaa mahabusu majuma matatu. Baba alikuwa chuo cha ualimu, akiandamana kuunga mkono msako. Hakwenda kumtazama dada yake hata siku moja.

Nilitegemea shangazi amchukie Sokoine. Wala. Alipofariki kwa ajali Aprili 1984, alilia. "Yule alikuwa msafi. Waliokuwa wakila kwetu kizuizini ndio hawakuguswa."

Jumapili tulimpigia baba kwa video. Nikamuuliza viatu vyake vya bweni alinunua nani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mtandao unasumbua.

Shangazi akaninyang'anya simu. "Kaka, usijali. Sabuni nakuletea."