Ulilipia Monita ya 144Hz na Bado Unaona 60? Cheki Hapa Kwanza

Umeshuka Luthuli Avenue, ukabishana bei hadi muuzaji akachoka, ukapanda matatu na monita ya inchi 24 ukiwa umeikumbatia kama mtoi. Kufika keja umechomeka, picha ikatokea, mabeshte wakaja mkapiga EA FC hadi usiku. Miezi mitatu baadaye msee mmoja mjanja anafungua setingi na kukuuliza mbona mashini inasoma 60Hz na kwa boksi wameandika 144. Manze! Kumbe tangu siku ya kwanza hata nusu ya kile ulilipia hujawahi kukiona.

Hii kitu imeshika wasee wengi sana, na mara nyingi monita yenyewe haina makosa. Shida iko kwa setingi, kwa waya, ama kwa kale kaadapta ulinunua kwa sababu kalikuwa rahisi.

Kwanza tuelewane. Hz ni idadi ya mara skrini inachora picha upya kwa sekunde moja. Kwa 60Hz, kila picha inakaa milisekunde 16.7 kabla ingine ije. Kwa 144Hz inakaa kama 6.9 tu. Ndio maana ukizungusha kamera haraka kwa gemu, skrini ya 60 inaonekana kama inavuta miguu. Resolusheni nayo ni idadi ya vidoti: 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, kwa monita nyingi za mtaa. Hizi mbili zinagawana njia moja, yaani ule waya. Ukiongeza moja, ingine inabanwa. Shika hiyo, kwa sababu shida karibu zote zinatoka hapo.

Anza na zile rahisi

Kwa Windows 11, bonyeza kulia kwa desktop, ingia Display settings, kisha Advanced display. Chini kabisa kuna mahali pa kuchagua refreshi reti. Kama 144 iko kwa hiyo listi, chagua, kubali, umemaliza, unaweza kurudi kwa gemu yako. Windows hupenda kuanza na 60 na hakuna mtu hukwambia.

Ukiona 59.94 badala ya 60, tulia, hujaibiwa. Hiyo namba ni urithi wa TV za rangi za Marekani, na kwa macho yako hakuna tofauti.

Kama 144 haipo kwa listi, inama uchungulie nyuma ya mashini. Ukiwa na kadi ya grafiki, waya unafaa kuingia kwa tundu za hiyo kadi, zile za chini zimelala. Wasee wengi huchomeka kwa zile za juu za madabodi, halafu kadi ya thao ishirini inakaa hapo ikipiga usingizi. Pia bonyeza vifungo vya monita yenyewe uangalie menyu yake, kwa sababu kuna zingine zinaficha ile spidi kubwa kwa menyu hadi uiwashe, ama zimewekwa zitumie DisplayPort ya toleo la zamani.

Waya ndio mwizi

Sasa hapa ndio kuna utamu, na ni hesabu ya darasa la sita tu.

Picha ya 1920 kwa 1080 haitumwi peke yake. Inazungukwa na nafasi tupu, mazoea yaliyobaki tangu enzi za zile Great Wall zenye tumbo kubwa nyuma, ambazo mwale wake ulihitaji muda wa kurudi mwanzo wa laini. Kwa kipimo cha kawaida, ukijumlisha hiyo nafasi unapata 2200 kwa 1125. Zidisha na 60: pikseli milioni 148.5 kwa sekunde, ama 148.5 MHz ukitumia lugha ya mafundi. Zidisha na 120 unapata 297. Zidisha na 144 unapata 356.4.

HDMI 1.4, ambayo imejaa kwa laptopu na desktop za ex-UK, mwisho wake ni 340 MHz. Umeona venye 120 inapita na 144 inagonga ukuta? Si ati monita imekataa, ni njia imejaa. HDMI 2.0 inafika 600, kwa hivyo hapo unapumua. Na kama monita yako iko na DisplayPort na kadi yako pia, wachana na HDMI kabisa. DisplayPort 1.2 inabeba 1080p ya 144Hz bila jasho.

Adapta ndio zinachoma wasee zaidi. Zile desktop za ofisi kutoka ng'ambo, nyingi zina DisplayPort na hazina HDMI. Unaenda kununua kaadapta ka bei ya chini, DisplayPort kwenda HDMI, picha inatokea na unafurahi. Lakini kale ka kawaida kasicho na chip ya kubadilisha siginali, kwa aina ya kwanza kanaishia 165 MHz. 60Hz inapita kwa sababu inahitaji 148.5. Hata 75Hz haipiti, kwa maana inahitaji 185.6 kwa kipimo cha kawaida. Aina ya pili inafika 300. Sasa fikiria mtu ameuza monita nzuri kwa hasara akidhani ni mbovu, kumbe shida ni kitu cha bei ya chipo na soda. Ukihitaji adapta ya spidi, uliza ile inayoitwa active na imeandikwa HDMI 2.0. Na usitarajie hako hako kageuke kapeleke HDMI ya laptopu kwa monita ya DisplayPort. Njia ni moja, hakarudi.

Monita hujitambulisha aje?

Ndani ya kila monita kuna data ndogo inaitwa EDID. Ni kama kitambulisho. Ukichomeka tu, kompyuta inakisoma na kujua huyu ni nani, anapenda resolusheni gani, anaweza Hz ngapi. Kitambulisho kisiposomeka, labda waya wa VGA umekatika pini ama kuna kisanduku cha kugawanya siginali katikati, Windows inabahatisha. Hapo ndio unaona skrini kubwa imekwama 1024 kwa 768 na aikoni zimefura kama mandazi. Kabla ufanye kitu kingine chochote, badilisha waya. Kisha weka draiva ya kadi kutoka kwa tovuti ya NVIDIA, AMD ama Intel. Ukiona jina la kadi limeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, jua draiva haiko, na hakuna setingi itakusaidia hadi uiweke.

EDID ina vituko vyake pia. Kuna sehemu yake moja inaandika upana kwa mafungu ya nane tu. 1366 haigawanyiki kwa nane. Ndio sababu ukiunganisha ile TV ya inchi 32 ya 1366 kwa 768, mara nyingi kompyuta inakupa 1360 ama inarukia 1080p, na maandishi yanakuwa na ukungu. Kwa TV, cheki pia menyu ya picha: tafuta Just Scan ama Screen Fit, kwa maana TV nyingi hukata kingo za picha na unapoteza taskbar.

Kutengeneza resolusheni yako mwenyewe

Sasa tuseme waya uko fiti, draiva iko, na bado unataka kitu haipo kwa listi. Labda ni 75Hz kwa monita ya 60, ama ni ile 1280 kwa 960 ya kuvuta, wachezaji wa Counter-Strike wanaijua.

Kwa NVIDIA, fungua NVIDIA Control Panel, ingia Change resolution, bonyeza Customize, kisha Create Custom Resolution. Weka namba zako, halafu Test. Ikikubali, isevu. Kwa AMD, iko ndani ya Adrenalin chini ya Display. Kuna pia programu ya bure inaitwa CRU ambayo inaandika upya kile kitambulisho upande wa Windows. Monita yenyewe haiguswi.

Usiruke kutoka 60 hadi 75 mara moja. Enda 65, kisha 70. Ikikataa, badilisha sehemu ya timing iwe CVT reduced blank. Hiyo inapunguza ile nafasi tupu tuliongea juu yake. Mfano: ukibana 2200 kwa 1125 iwe 2080 kwa 1120, 144Hz inahitaji kama 335.5 MHz na inapenya chini ya ule ukuta wa 340. Si kila monita itakubali, lakini kujaribu ni bure.

Nikwambie ukweli lakini. Monita ya 60 ikionyesha 75 haimaanishi unaona 75. Kuna zingine hukubali siginali halafu kimya kimya zinatupa picha. Ingia testufo.com, tafuta jaribio la frame skipping, kisha piga picha ya skrini ukitumia kamera ya simu iliyoachwa wazi muda mrefu kidogo, kama sehemu ya tano ya sekunde. Viboksi vikifuatana bila pengo, uko poa. Ukiona mapengo katikati, rudi 60, kwa maana hiyo 75 ni ya sura tu.

Kwa ile resolusheni ya kuvuta, ukipata mistari myeusi pande zote, tafuta setingi ya scaling kwa programu ya kadi na uweke Full-screen. Ukitaka kujua nani anavuta, rudi Advanced display: Desktop mode ikisema 1280 kwa 960 na Active signal mode iseme 1920 kwa 1080, basi kadi ndiyo inavuta, na monita haijui chochote.

Kwa skrini ya ndani ya laptopu, mimi ningekushauri uwachane nayo. Ukiharibu hapo, huna skrini ingine ya kuonea unachorekebisha.

Kwa wale wa Linux, xrandr itawafanyia hiyo kazi mkiwa kwa X11. Kwa Wayland haitasaidia.

Skrini imezima na asaimenti ni ya kesho

Monita ikiandika Out of Range ama ikiwa nyeusi tititi, usiguse kitu. Windows hungoja sekunde 15, usipokubali inarudisha setingi za zamani yenyewe. Wasee huharibu hapa kwa kubonyeza Enter na hofu, na Enter inaweza kuishia kukubali ile setingi mbovu. Ukitaka kubonyeza kitu, bonyeza Esc.

Dakika ikiisha na bado giza, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B pamoja. Utasikia mlio mdogo, draiva imeanza upya. Ikikataa, chomeka TV ama monita ingine, hata ya jirani, kisha ufute ile resolusheni.

Kama huna skrini ingine, washa mashini na uizime ikiwa inaanza, mara tatu mfululizo. Windows itaingia menyu ya ukarabati. Enda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 3. Itafunguka na resolusheni ndogo, sura mbaya lakini unaona. Kama uliharibu na CRU, bonyeza 4 uingie Safe Mode, endesha faili inaitwa reset-all.exe iliyokuja nayo, uwashe upya. Faili zako hazijaenda mahali.

Kabla utoe doo

Monita ya mtumba haina risiti ya kukulilia, kwa hivyo mambo yote ni hapo dukani. Beba laptopu na waya wako mwenyewe. Mwambie aiwashe, ingia Advanced display usome Hz kwa macho yako. Lakini jua HDMI ya laptopu yako kama ni 1.4, utaona 120 badala ya 144 na hiyo si makosa ya monita. Ukiona 60 pekee, jaribu tundu la pili kabla ugombane, kwa sababu monita nyingi hutoa spidi yote kwa DisplayPort na kubana HDMI.

Na muuzaji akikwambia waya ni HDMI 2.1 kwa hivyo kila kitu kitaenda, muulize monita inabeba Hz ngapi kupitia hilo tundu hasa. Hiyo 2.1 kwa boksi haiahidi spidi, vitu vingi vya hilo toleo si lazima mtengenezaji aviweke. Geuza monita, soma kibandiko cha nyuma, tafuta modeli yake kwa simu na usome ukurasa wa mtengenezaji ukiwa bado umesimama hapo. Wacha anune kidogo.