Wapika Pombe Wadogo Wanahitaji Kodi ya Kimo Chao

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Arusha akifika Himo ana njia mbili. Akielekea Moshi moja kwa moja, baa za njiani zitampa bia zilezile alizoziacha nyuma: Safari, Kilimanjaro, Serengeti. Akipanda kidogo barabara ya Marangu, atakuta mbege, pombe ambayo lazima uifuate kwake kwa sababu yenyewe haisafiri.

Mbege hutengenezwa kwa viungo viwili vikuu, ndizi mbivu na ulezi. Ndizi huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha hukamuliwa na kuchujwa. Ulezi huloweshwa uote, huanikwa, husagwa na kupikwa uji. Uji ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake pombe iko tayari. Gome la msesewa huongezwa kuipa uchungu unaosawazisha utamu.

Nyuma ya kata moja ya mbege wapo mkulima wa ndizi, muuza ulezi, muuza kuni, mwenye kilabu na, katikati yao wote, mpishi, ambaye mara nyingi ni mwanamke. Fedha anayolipa mnywaji huzunguka humohumo kijijini kabla ya kutoka. Ni wachache miongoni mwa wenye viwanda vya bia wanaoweza kusema hivyo. Tatizo ni kwamba mbege ikikaa siku mbili tatu huchacha kupita kiasi, kwa hiyo mpishi hupika kile tu anachoweza kukiuza. Hana akiba ghalani, hana kitabu cha mauzo, na benki haioni cha kukopesha.

Arusha kuna ushahidi kwamba fundo hili hufunguka. Banana Investments imejenga kiwanda kwa kuchuja kinywaji cha ndizi na kukitia kwenye chupa, na kinywaji chake kiitwacho Raha huuzwa mbali na migomba iliyokizaa. Chupa ina faida nyingine kwa biashara ya barabarani: dereva hapaswi kunywa, lakini anaweza kununua na kwenda kunywa akishafika.

Mijini nako wamejitokeza watengenezaji wadogo wa bia za shayiri, kama Crafty Dee's ya Dar es Salaam na Brew Bistro ya Nairobi. Hao hutegemea hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, ambayo huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Mpishi wa Marangu uchungu wake anao kwenye gome la msesewa.

Kinachoamua nani atakua ni kodi na leseni. Uingereza ilianza mwaka 2002 kutoza nusu ya ushuru kwa viwanda vinavyotengeneza hadi lita 500,000 kwa mwaka, na viwanda vidogo vikaongezeka kwa kasi. Marekani katika miaka ya 1970 ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100. Mwaka 1976 ikapunguza ushuru kwa wadogo, mwaka 1978 ikapitisha sheria ya kuruhusu watu kupika bia nyumbani, na leo ina zaidi ya 9,000.

Kenya imejifunza kwa machungu. Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyoanza mwaka 2004 na baadaye kutengenezwa kwa mtama, ilistawi kwa msamaha wa ushuru. Msamaha ulipopunguzwa mwaka 2013, mauzo yaliporomoka na wakulima wakabaki na mtama usio na mnunuzi, hadi serikali ilipolegeza tena mwaka 2015. Mwishoni mwa 2024 nchi hiyo ikawawekea watengenezaji wadogo wa kujitegemea wenye leseni kiwango cha chini cha ushuru.

Tanzania ina sababu ya kufanya vivyo hivyo. Tangu mwaka 2019 bia na mvinyo wa viwandani hubandikwa stempu za kodi za kielektroniki, utaratibu unaobebeka kwa kiwanda cha mamilioni ya lita lakini mzito kwa kikundi cha akina mama wa Rombo au Kibosho wanaotaka kutia mbege kwenye chupa. Wanachohitaji ni ushuru wa ngazi unaopanda kadiri uzalishaji unavyopanda, leseni ya bei wanayoimudu, na mtambo wa pamoja wa kuchuja na kujaza chupa chini ya ukaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Usalama wa mnywaji nao utanufaika, kwa kuwa aliyesajiliwa hukaguliwa maji yake na vyombo vyake. Anayejificha hakaguliwi na yeyote.

Bajeti husomwa kila Juni, na kila mwaka mjadala wa bia huishia kwenye shilingi ngapi ziongezwe kwa lita. Wabunge wa Kilimanjaro, Arusha na Kagera, mikoa inayojua ndizi, wana haki ya kuuliza swali lililo kubwa zaidi: nani anaruhusiwa kuwa mtengenezaji?