Lugha katika Chumba cha Daktari, Tabora

Kiswahili kilifika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na misafara ya karne ya 19, kikawa lugha ya biashara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Majumbani, hata hivyo, watu waliendelea na Kinyamwezi, Kisukuma na Kiha. Ndiyo maana daktari aliyehamishiwa Tabora kutoka mkoa mwingine huweza kukutana na bibi wa kijijini anayeeleza ugonjwa wake vizuri kabisa, ila si kwa Kiswahili. Katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, yaliyopokea wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, Kirundi nacho husikika.

Njia iliyozoeleka ni kumwita ndugu atafsiri. Ni rahisi, lakini mjukuu wa kiume akisimama katikati, bibi hatataja damu inayomtoka ukeni. Atasema tumbo, na daktari atatibu tumbo. Afadhali muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeijua lugha ya mgonjwa, mradi atafsiri yote bila kufupisha na atunze siri. Daktari naye amtazame mgonjwa, si mkalimani.

Hata anayejua Kiswahili huweza kukwama kwenye dirisha la dawa. Bahasha imeandikwa 2×3, yaani vidonge viwili mara tatu kwa siku. Asiyeelezwa anaweza kumeza sita kwa mpigo. Kumuuliza kama ameelewa hakusaidii sana, kwani kwa adabu ataitikia tu. Kinachosaidia ni kumwomba aeleze mwenyewe atakavyozimeza dawa, saa ngapi na kwa siku ngapi. Akikosea, anaelekezwa upya kabla hajaondoka.