Madoa ya Manjano katika Nyanya za Ndani: Geuza Jani Kabla ya Kununua Dawa

Siku hizi wakulima wengi wa skimu wamejenga nyumba za nailoni, nao hulima nyanya ndani yake. Kazi hii ina faida, lakini nailoni, nguzo, mipira ya maji na mbegu zote zimegharimu fedha, na mara nyingi ni fedha za mkopo. Ndiyo sababu mkulima aonapo madoa ya manjano katika majani hushtuka, akaenda mbio dukani na kununua dawa ya kwanza anayoonyeshwa.

Hapo ndipo hasara huanza. Madoa ya manjano si ugonjwa mmoja. Ni ishara tu, kama vile homa ilivyo ishara kwa mtu, na kila sababu ina tiba yake. Dawa ya ukungu haiui wadudu, na dawa ya wadudu haiwezi kuushibisha mmea wenye njaa.

Basi kabla ya kutoa senti mfukoni, fanya hivi. Ingia asubuhi uchume majani matano au sita yenye madoa, kutoka pande mbalimbali za nyumba. Angalia kama madoa yalianza katika majani ya chini au ya juu. Kisha geuza kila jani utazame upande wake wa chini. Mwisho, shika karatasi nyeupe chini ya jani lililo bado juu ya mmea, ulipige jani hilo polepole kwa kidole. Sasa linganisha uliyoyaona na haya yafuatayo.

(1) Ukungu wa majani. Upande wa juu kuna madoa ya manjano hafifu yasiyo na mpaka dhahiri. Chini ya doa utaona kitu laini kama manyoya mafupi, chenye rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Huanza katika majani ya chini. Ukungu huu hupenda nyumba yenye unyevu mwingi isiyopitisha hewa. Katika mahali pa baridi kama Kinangop, mkulima hufunga nyumba usiku, na asubuhi matone ya maji huanguka kutoka kwenye nailoni. Tiba ya kwanza ni hewa. Fungua pande za nyumba jua linapopanda, ondoa majani ya chini yaliyosongamana, na mwagilia asubuhi penye shina bila kulowesha majani. Majani yaliyougua yatie katika mfuko hapo hapo, kisha uyachome mbali, kwa maana ukungu huenea kwa upepo, mikono na nguo.

(2) Ukungu wa madoa ya duara. Doa lina rangi ya kahawia katikati, na ndani yake kuna duara moja ndani ya nyingine, kama maji yanavyofanya ukitupa jiwe bwawani. Manjano hulizunguka doa hilo. Ugonjwa huu hushika viazi pia, na hukaa katika mabaki ya mimea. Kwa hiyo usitupe mabua ya viazi karibu na nyumba, wala usipande nyanya baada ya viazi.

(3) Utitiri. Hawa ni vidudu vidogo sana vya jamii ya buibui. Jani huwa na vidoa vidogo vya manjano, vingi kama kwamba limechomwachomwa na sindano. Chini ya jani kuna utando mwembamba, na juu ya karatasi yako nyeupe utaona nukta ndogo zinazotembea. Hupenda joto na ukavu. Usinyunyize dawa yoyote tu ya wadudu, kwa kuwa nyingine huua wadudu wema wanaokula utitiri, nao utitiri huzidi. Omba dawa iliyoandikwa kuwa ni ya utitiri, na hakikisha inafika chini ya majani.

(4) Njaa ya magnesiamu. Jani hugeuka manjano katikati ya mishipa, lakini mishipa yenyewe hubaki kijani. Majani ya chini hutangulia. Ukigeuza jani huoni ukungu, utando wala mdudu. Yafaa ujue kwamba mbolea ya potasi ikizidi, mmea hushindwa kupata magnesiamu hata kama imo udongoni. Hapa dawa ya kunyunyiza ukungu ni fedha zilizotupwa. Peleka udongo ukapimwe, kisha ufuate ushauri.

Ikiwa ni lazima kunyunyiza, kumbuka kwamba ndani ya nyumba ya nailoni dawa haipeperuki upesi kama shambani. Vaa glavu na kifuniko cha pua na mdomo, fungua pande zote, na usiwaruhusu watoto kuingia. Soma kibandiko cha chupa ujue ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma, nawe uzitimize zote, kwani nyanya hizo zitaliwa na watu, na jamaa yako wakiwamo.

Ukiona ishara mbili pamoja, au ukiwa na shaka, funga majani machache katika karatasi kavu umpelekee afisa wa kilimo siku hiyo hiyo. Usimwambie tu kwamba nyanya zimekuwa za manjano. Mpe jani lenyewe, naye ataligeuza kama ulivyofanya wewe.