Mgonjwa akialikwa kwenye utafiti wa kubadili dawa

Baadhi ya kamati za parokia zimetuuliza kama mgonjwa akubali mwaliko wa namna hii. Tuchukue mfano wa CARES, utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini. Watu 512 wenye VVU, ambao vidonge vilikuwa vinawasaidia vizuri, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu waliendelea na vidonge, nusu walihamia sindano za kila wiki 8. Matokeo ya 2024 yalionyesha virusi vimedhibitiwa kwa karibu wote, pande zote mbili.

Wengi hawajui kwamba mshiriki hachagui kundi. Lakini anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Tunaomba kamati zimsindikize, zisimsukume. Asomewe fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi, na asiache vidonge kwa kusubiri sindano.