Fahamu: Kumuuguza mtoto nyumbani baada ya upasuaji wa tumbo

Homa ya matumbo ikichelewa kutibiwa huweza kutoboa utumbo, na hapo mtoto hupasuliwa haraka. Akiruhusiwa kutoka hospitalini, tuseme Kasongo, kurudi Kabambare, pikipiki kwenye barabara yenye mashimo itamuumiza. Muulizeni daktari lini asafiri.

Ale nini? Uji, yai, samaki. Kidogo kidogo, mara nyingi.

Afanye nini? Atembee taratibu kila siku. Akikohoa, akumbatie mto tumboni. Asibebe maji wala kuni kwa takriban wiki 6. Dawa azimalize hata akijiona mzima.

Kidonda? Naweni kwa sabuni kabla ya kukigusa. Msipake majani wala majivu.

Arudishwe lini? Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, akitapika au tumbo likivimba, msingoje kukuche.