Bia yenye chumvi na siri ya bibi zetu



Mgeni akionja pombe yetu ya mtama kwa mara ya kwanza hukunja uso na kuuliza, "Mbona chachu?" Wiki hii tumjibu kwamba hata Ujerumani, nchi yenye sifa ya bia, wanayo bia chachu ya zamani. Inaitwa Gose, tamka "goze". Jina limetoka kwenye mto wa mji wa Goslar, lakini bia ilipata sifa zaidi Leipzig, ambako ilikuwa ikinywewa tangu karne ya 18.

Hupikwa kwa kimea cha ngano na cha shayiri, mbegu za giligilani na chumvi kidogo. Uchachu wake huletwa na vijidudu vya jamii ile ile inayogandisha maziwa. Anayeionja mara ya kwanza asitegemee uchungu wa bia ya chupa ya dukani. Ni nyepesi, ina ukali wa ndimu, na chumvi husikika mwishoni tu. Hunywewa baridi, na wengine huitia siropo ya matunda. Kwa samaki wa kukaanga kama wa ziwa letu, ingefaa sana.

Chumvi isitushangaze. Ng'ambo ya ziwa Albert, kule Kibiro, Uganda, wanawake ndio wenye mashamba ya chumvi, na mama humwachia binti yake.

Lakini kilichotugusa zaidi ni hiki: Gose ilikaribia kupotea kabisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ujuzi wake ulibaki kwa mpishi mmoja Leipzig, Friedrich Wurzler, kisha kwa mtoto wake wa kambo. Huyo alipofariki mwaka 1966, upishi ukakoma. Miaka 20 ikapita bila Gose, hadi Lothar Goldhahn, aliyefufua baa ya zamani ya Gose mjini humo, alipotafuta maelezo ya wazee na kuirudisha mwaka 1986.

Sasa tujiulize sisi. Mandrakpa na kasiksi zimelipa masomo ya watoto wengi. Vipimo viko wapi? Viko kichwani mwa bibi. Na vita vimetutawanya: bibi yuko kambini, mjukuu yuko Bunia.

Basi kila kikundi kichukue daftari moja. Tukae na bibi, tuandike: mtama glasi ngapi, kimea kiote siku ngapi, maji kiasi gani, moto hadi lini, chombo kinaoshwaje. Anayejua kusoma amwandikie asiyejua.

Kujua kupika si kuhimiza ulevi. Mama mwenye mimba asinywe pombe, mtoto asionjeshwe, na pesa ya mauzo ifike nyumbani.

Daftari la kwanza likijaa, tuleteeni tulisome pamoja.